Kutoka Luano hadi Guangzhou: hesabu mwenyewe kilomita na saa za ndege

Mama mmoja anayeuza vitambaa katika soko la mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi, alinitandazia tiketi yake mezani, akaweka kidole kwenye mstari wa kurudi. "Papa, hii ndege ya kurudi inakimbia namna gani? Kutoka Addis kufika Guangzhou saa kumi na tano. Kutoka Guangzhou kurudi Addis saa sita tu!" Nilianza kucheka, kisha nikaacha. Mama ana presha, anameza kidonge kila baada ya saa kumi na mbili, na alikuwa amekwisha kupanga vidonge vyake kwa kufuata karatasi ile.

Mambo yako kinyume. Ndege ya kwenda China inatumia kama saa kumi, na ya kurudi ndiyo inayochelewa, kama saa kumi na moja. Karatasi haikudanganya. Ilikuwa inajibu swali ambalo mama hakuuliza.

Nakata tiketi katika ofisi ndogo hapa Kamalondo, na swali ni lile lile kila wiki: toka hapa mpaka kule ni kilomita ngapi, na tutakaa hewani saa ngapi? Nataka uweze kulijibu mwenyewe, kwa simu, kalamu na kipande cha uzi. Kuna vitu vitatu ambavyo watu huvikoroga katika chungu kimoja: urefu wa njia, muda wa kukaa ndani ya ndege, na saa utakayoikuta ukutani ukifika. Kila kimoja kina hesabu yake. Vitenganishe, na tiketi itasomeka.

Hatua ya 1: Taja kiwanja, usitaje mji

Kila kiwanja kina herufi tatu, zile zile zinazoandikwa kwenye karatasi ya valizi. Luano yetu ya Lubumbashi ni FBM. N'djili ya Kinshasa ni FIH, lakini Kinshasa ina kiwanja kingine, Ndolo, ambacho ni NLO. Brussels ya kweli, pale Zaventem, ni BRU. Kuna tiketi za bei ya chini zinazotaja Brussels huku ndege inatua Charleroi, CRL, ambao ni mji mwingine kabisa upande wa kusini. Istanbul ndiyo mtego mkubwa: IST iko upande wa Ulaya, SAW iko upande wa Asia, na anayeshukia kimoja ili apandie kingine atavuka bara kwa gari huku saa zinakwenda. Guangzhou ni CAN, kutokana na Canton, jina ambalo Wazungu waliuitia mji huo zamani.

Marubani wana herufi zao nne: FZQA ni Luano, FZAA ni N'djili. Utazihitaji tu kama programu ya kupimia umbali inazidai.

Ukishapata kiwanja, tafuta namba zake mbili za ramani. Fungua ramani ya simu, kishikilie kiwanja kwa kidole bila kuachia, namba zitatokea. Ya kwanza ni latitudo, yaani uko mbali kiasi gani na Ikweta, na alama ya kutoa mbele yake maana yake ni kusini. Ya pili ni longitudo, mashariki au magharibi. Luano ni -11.59 na 27.53. Desimali mbili zinatosha. Ukiongeza ya tatu unagombania mita, na ndege haijali mita.

Hatua ya 2: Anza na safari nyepesi

Johannesburg ni zawadi kwa mwanafunzi. JNB iko kwenye -26.14 na 28.25. Angalia longitudo: 27.53 kwetu, 28.25 kwao. Ni karibu mstari mmoja ulionyooka kutoka kaskazini kwenda kusini. Basi shika namba moja tu: digrii moja ya latitudo ni kama kilomita 111, popote duniani. Toa 11.59 kwenye 26.14 upate 14.55, zidisha kwa 111, unapata 1,615. Kikokotoo cha mtandaoni kitakupa karibu 1,620. Kilomita tano tumezipoteza kwa sababu ya ule upogo mdogo wa longitudo, na hakuna atakayekudai.

Ndugu wa Bukavu wafanye hivyo hivyo. Kavumu, BKY, iko kwenye -2.31 na 28.81. Ukifanya hesabu utafika kwenye kilomita 1,030, na ukiongeza upogo, 1,040 hivi, kutoka Kavumu mpaka Luano. (Wa Goma wana hesabu yao, kama kilomita 1,120, ingawa kiwanja chao kilifungwa Januari 2025, na tangu hapo safari ya mtu wa Goma huanza kwa barabara au kwa boti kabla ya kufikiria ndege.)

Kinshasa ina kona. N'djili iko kwenye -4.39 na 15.44, kwa hiyo tunakwenda kaskazini na magharibi kwa pamoja. Digrii za kaskazini ni 7.20, mara 111 ni karibu kilomita 800. Digrii za magharibi ni 12.09, mara 111 ni 1,342. Punguza kidogo, kwa sababu mistari ya longitudo hukaribiana kadiri unavyoiacha Ikweta. Kwa ukanda wetu huu punguzo ni asilimia moja tu, tunabaki na 1,329. Sasa ile hesabu ya pembetatu tuliyofundishwa shuleni: 800 mara 800, ongeza 1,329 mara 1,329, tafuta kipeuo. Jibu ni 1,550. Kwa barabara ni zaidi ya kilomita 2,000, kama barabara itakubali.

Pembetatu hii ni ya safari fupi, tena karibu na Ikweta. Usiipeleke Ulaya wala China. Itakudanganya.

Hatua ya 3: Safari ndefu, chukua uzi

Ramani iliyobandikwa ukutani ni dunia iliyochunwa ngozi na kuvutwa mpaka ikalala. Imevutwa zaidi juu na chini, ndiyo maana Greenland inaonekana kulingana na Afrika wakati Afrika inaizidi kama mara kumi na nne. Mstari ulionyooka kwenye ramani hiyo si njia fupi. Njia fupi utaiona kwenye tufe: shika uzi, bana ncha moja Lubumbashi na nyingine Guangzhou, kaza. Uzi unajitafutia wenyewe. Mtu anayetoka Brussels kwenda Los Angeles hujikuta juu ya barafu ya Greenland, akadhani rubani amepotea, kumbe rubani anaufuata uzi.

Huna tufe? Chukua mpira wa watoto. Sitanii. Mzingo wa dunia ni kama kilomita 40,000. Mpira ukiwa na mzingo wa sentimita 70, kila sentimita ni kama kilomita 570. Chora Ikweta kwa kalamu, weka nukta zako mbili, pima kwa uzi. Utakosea kilomita mia tatu au nne, lakini utaelewa jambo ambalo simu haikuelezi.

Anayetaka namba yenyewe atumie kikokotoo chenye sin na cos, hata cha kwenye simu ukiilaza ubavu. Zidisha sin ya latitudo ya kwanza kwa sin ya latitudo ya pili. Kando yake, zidisha cos ya kwanza kwa cos ya pili, kisha kwa cos ya tofauti ya longitudo. Jumlisha matokeo hayo mawili. Bonyeza kitufe cha kurudisha cos kuwa digrii (cos⁻¹). Zidisha kwa 111.2.

Tuifanye kwa Guangzhou. CAN iko kwenye 23.39 na 113.30. Tofauti ya longitudo na Luano ni 85.77. Sehemu ya kwanza inatoka -0.0798, usisahau ile alama ya kutoa, sisi tuko kusini. Sehemu ya pili inatoka 0.0663. Jumla ni -0.0135 hivi. Ukiirudisha kuwa digrii unapata karibu 90.8. Mara 111.2, ni kama kilomita 10,090.

Tulia kidogo kwenye namba hiyo, maana ina utamu wake. Digrii 90 ni robo kamili ya mzingo wa dunia, na robo ni kilomita 10,000 karibu kamili. Si bahati: Wafaransa walipotunga mita mwishoni mwa miaka ya 1700, waliamua kwamba umbali kutoka ncha ya dunia hadi Ikweta uwe mita milioni kumi. Kwa hiyo mama wa soko la Kenya anapokwenda kununua vitambaa, anazunguka robo ya dunia na mabaki kidogo. Akirudi, nusu.

Kama hesabu imekuchosha, programu ya ramani ya Google ina kipimo cha umbali, na tovuti ya Great Circle Mapper hukubali herufi tatu za viwanja moja kwa moja. Angalia tu kipimo kilichotumika. Maili za barabarani ni kilomita 1.609, maili za baharini, ambazo ndizo za marubani, ni 1.852. Safari hiyo hiyo ya Guangzhou ni 6,270 kwa maili za kwanza na 5,450 kwa za pili. Nimeona watu wawili wakibishana nusu saa, kila mmoja na simu yake, na wote wawili walikuwa sahihi.

Hatua ya 4: Pima vipande, acha ndoto ya moja kwa moja

Hakuna ndege inayoondoka Luano ikatua Guangzhou. Ile 10,090 ni njia ya kunguru, yaani iliyonyooka bila kutua popote. Wewe utapita Addis, Nairobi, Johannesburg au kwingine, na kila kipande hupimwa peke yake.

Addis, ADD, iko kwenye 8.98 na 38.80. Luano hadi Addis ni kama kilomita 2,605. Addis hadi Guangzhou ni kama 8,040. Jumla 10,645. Umezunguka kilomita 555 tu zaidi ya njia ya kunguru, kama asilimia tano na nusu. Kwa China, Addis iko karibu njiani kabisa. Pitia Johannesburg uone: 1,620 kwenda kusini, halafu 10,670 kutoka huko, jumla 12,290. Umerudi nyuma kwanza ndipo uende mbele.

Kwa Brussels mambo hubadilika. Njia ya kunguru kutoka Luano ni kama 7,300. Ukipitia Addis ni 2,605 na 5,620, yaani 8,225. Zaidi ya kilomita 900 za nyongeza, kwa sababu Addis iko mashariki yetu na Brussels iko magharibi yetu. Hiyo haimaanishi usiipande. Bei haifuati kilomita, na mtu hulala vizuri zaidi kwa kusubiri saa tatu sehemu moja kuliko saa kumi na moja sehemu nyingine. Ila ujue unachonunua.

Hatua ya 5: Geuza kilomita kuwa saa

Ndege kubwa za abiria hukata hewa kwa kilomita 830 hadi 900 kwa saa zikishatulia juu. Lakini hazianzi na mwendo huo. Kuna kujivuta mpaka mwanzo wa njia ya kurukia, kupanda, kushuka, kuzunguka kusubiri zamu ya kutua, kutafuta mahali pa kusimama. Muda ulioandikwa kwenye tiketi huhesabu yote hayo, tangu magurudumu yanapoanza kusogea mpaka yanaposimama.

Kanuni yangu ya mezani ni hii. Safari iliyo chini ya kilomita 4,000, gawa kwa 800 kisha ongeza nusu saa. Iliyo juu ya hapo, gawa kwa 850 kisha ongeza nusu saa ile ile. Ndege ya mapangapanga, gawa kwa 500.

Johannesburg: 1,620 kwa 800 ni saa mbili na dakika mbili, na nusu saa, saa mbili na nusu. Kinshasa: saa mbili na dakika 25 hivi. Addis: saa tatu na dakika 45. Addis hadi Guangzhou: 8,040 kwa 850 ni karibu saa tisa na nusu, na nusu saa, inakuwa saa kumi. Linganisha na tiketi yoyote utakayoonyeshwa. Utakuwa umekosea dakika kumi au ishirini. Ukiona tofauti ya saa nzima, kuna jambo, na jambo hilo mara nyingi ni moja kati ya haya yanayofuata.

Upepo

Huko juu, nje ya ukanda wetu wa joto, kuna mito ya upepo inayotoka magharibi kwenda mashariki, na katika miezi ya baridi ya kaskazini inaweza kuzidi kilomita 200 kwa saa. Njia ya Addis kwenda Guangzhou hugusa mto mmojawapo. Ukienda China upepo uko mgongoni, ukirudi uko usoni.

Hesabu yake haihitaji chuo. Ndege inakata hewa kwa 900. Tuseme upepo kwa wastani wa njia nzima ni 50. Kwenda, unasogea kwa 950 juu ya ardhi: 8,040 kwa 950 ni saa nane na dakika 28. Kurudi, unasogea kwa 850: saa tisa na dakika 28. Saa moja kamili ya tofauti, ndege ile ile, viti vile vile. Ongeza mambo ya ardhini na kona za njia, utafika kwenye zile saa kumi na kumi na moja za mwanzo.

Luano kwenda Addis haina habari hiyo. Safari yote iko karibu na Ikweta, kwenda na kurudi zinalingana.

Kuna kijana huniuliza kila mara: dunia si inazunguka kuelekea mashariki, mbona ndege inayokwenda magharibi haiikuti Marekani imeshaisogelea? Kwa sababu hewa nayo inazunguka pamoja na dunia. Ukiruka ndani ya basi linalokimbia, hutui kwenye kiti cha nyuma.

Anga zilizofungwa

Uzi wako kwenye tufe haujui vita. Tangu mapigano yalipoanza Sudan Aprili 2023, ndege nyingi za Addis kwenda Ulaya zimelazimika kuizunguka nchi hiyo, kwa hiyo ile 5,620 ya Brussels ni njia ya karatasi, na ile saa saba na dakika saba utakayoipata kwa kanuni yangu inaweza kuvimba. Tangu 2022 mashirika mengi ya Ulaya hayapiti juu ya Urusi, na safari zao za kwenda Japani zimeongezeka saa kadhaa. Na sisi wenyewe: Februari 2025 nchi yetu ilizifungia anga lake ndege zilizoandikishwa Rwanda. Chukua ramani, uone Kigali inatokaje kwenda magharibi bila kupita juu ya Kongo.

Ukitaka kuona njia halisi, fungua Flightradar24, programu inayoonyesha ndege zinavyopita, siku mbili tatu kabla ya safari, tafuta namba ya ndege yako, utazame walivyopita jana yake.

Kiwanja cha juu

Hili halipo kwenye hesabu, lakini hugusa safari. Luano iko mita 1,300 juu ya bahari, Johannesburg karibu 1,700, Addis zaidi ya 2,300. Hewa ya juu ni nyepesi, na ikiwa na joto inakuwa nyepesi zaidi. Mabawa yanashika kidogo na injini zinapumua kidogo, kwa hiyo ndege haiwezi kuruka na uzito wake wote. Kinachopunguzwa ni mafuta au mizigo. Ndiyo maana safari ya Addis kwenda Washington imezoea kutua njiani kuongeza mafuta, huku ile ya kurudi ikija moja kwa moja. Valizi yako ya tatu ikibaki nyuma siku ya joto kali, si lazima mtu awe amekuonea.

Hatua ya 6: Sasa ndiyo uguse saa ya ukutani

Hapa ndipo mama alipoangukia.

Kila saa kwenye tiketi ni saa ya mahali penyewe. Ya kuondoka ni ya unapoondokea, ya kufika ni ya unapofikia. Usitoe moja kwa nyingine kabla ya kuzileta kwenye saa moja. Mimi huzileta zote kwenye saa ya Lubumbashi.

Anza na nchi yetu, maana sisi wenyewe tuna saa mbili. Kinshasa iko saa moja nyuma yetu. Ndege ikiondoka Luano 10h00 na kutumia saa mbili na dakika 25, kwetu ni 12h25 ikitua, lakini saa ya N'djili inasema 11h25. Tiketi inaonekana kama safari ya saa moja na dakika 25. Kurudi, inaondoka Kinshasa 14h00 na kutua Luano 17h25: saa tatu na dakika 25! Ndege haikuzeeka njiani. Ni ile saa moja uliyoikopa asubuhi, umeilipa jioni.

Addis iko saa moja mbele yetu. Guangzhou saa sita mbele yetu, mwaka mzima, China haibadilishi saa. Johannesburg ni sawa na sisi. Brussels ina tabia yake: kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba iko sawa na Lubumbashi, miezi mingine iko saa moja nyuma. Kwa hiyo ukipiga hesabu mwezi wa kumi kwa safari ya mwezi wa kumi na moja, angalia mara mbili.

Tuiweke tiketi ya mama wazi. Inaondoka Luano 13h30. Saa tatu na dakika 50 baadaye anatua Addis, kwetu 17h20, saa ya Addis 18h20. Anasubiri mpaka 00h20, yaani saa sita kamili. Anaruka saa kumi, kwa saa ya Addis ni 10h20 asubuhi, na Guangzhou iko saa tano mbele ya Addis, hivyo ukutani anakuta 15h20. Karatasi inasomeka 00h20 mpaka 15h20, ndizo zile saa kumi na tano za mama. Tano kati yake ni tofauti ya saa tu, hakuzikaa.

Kurudi: Guangzhou 00h10, Addis 06h10. Kwenye karatasi, saa sita. Ongeza tano za tofauti, ndizo kumi na moja.

Na safari nzima ya kwenda, mlango kwa mlango wa ndege? Ondoka 13h30, fika kesho yake 15h20: saa 25 na dakika 50. Toa sita za tofauti. Saa 19 na dakika 50. Hakiki kwa kujumlisha vipande: 3 na 50, ongeza 6, ongeza 10. Zikilingana umepatia. Zisipolingana, kuna mahali umeongeza pale ulipopaswa kutoa.

Vidonge vya mama tulivipanga kwa saa ya Lubumbashi. Nilimwambia aache simu moja bila kubadilisha saa, aifuate hiyo kwa dawa njiani, na akamuulize daktari wake namna ya kuhamia saa ya China akishakaa huko wiki mbili.

Hatua ya 7: Zile dakika baada ya saa sita za usiku

Tiketi ikiandika mardi 00h10, uwanjani unakwenda lundi jioni. Narudia kwa Kiswahili cha kwetu: ndege ya siku ya pili, dakika kumi baada ya usiku wa manane, unaifuata siku ya kwanza ukishakula chakula cha jioni. Mimi ninayekata tiketi niliwahi kufika kiwanjani na valizi mbili, nimevaa vizuri, nikaambiwa ndege yangu iliondoka jana usiku. Tangu siku hiyo, tiketi yoyote yenye 00h au 01h naiandikia kwa kalamu nyekundu siku ya kutoka nyumbani.

Angalia pia alama ndogo ya +1 pembeni ya saa ya kufika. Maana yake unafika kesho yake. Anayekuja kukupokea aelezwe tarehe, asielezwe saa tu.

Na kama unafuata hesabu ya wazee, ambapo saa nne asubuhi ndiyo 10h00 ya Wazungu, Guangzhou itakufurahisha. Tofauti yetu na wao ni saa sita, na tofauti ya saa ya Kiswahili na saa ya Kizungu ni saa sita pia. Kwa hiyo saa ya mishale iliyotundikwa kwenye duka la vitambaa kule China inasoma saa ya Kiswahili ya Lubumbashi, bila kuigusa. Mshale ukiwa kwenye nne mchana wao, hapa ni saa nne asubuhi, wapigie watoto. Mshale ukiwa kwenye nne alfajiri yao, hapa ni saa nne usiku, na soko limeshafungwa. Mama aliporudi alinipigia simu kunieleza jambo hilo kama yeye ndiye aliyeligundua. Sikumkatiza.